Depo ya mpunga ina kufuli. Na depo ya hesabu je?

Kabla koperative haijasaini mkataba na muuzaji wa programu ya kompyuta, kuna kazi ya kufanya mezani, kwa kaye na biki. Makala hii inaonyesha kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa wanamemba wa bonde la Ruzizi na wa kando ya ziwa, kutoka Kamanyola mpaka Baraka.



Mpunga ukifika depo, kila mtu anajua la kufanya. Unapimwa, unaandikwa, unapangwa, mlango unafungwa, na ufunguo unajulikana uko kwa nani. Lakini habari za ule mpunga, yaani nani ameleta, kilo ngapi, siku gani, kwa bei gani, amelipwa nini na bado anadai nini, mara nyingi hazina bahati hiyo. Nyingine ziko ndani ya kaye ya sekretere, nyingine kwenye simu ya mwenye depo, nyingine kichwani mwa prezida. Siku sekretere akihama au akigonjwa, nusu ya koperative inaondoka naye.

Hapo si mambo ya karatasi tu, ni makuta ya watu. Mama aliyeleta magunia sita akaandikiwa matano, atashtaki wapi ikiwa ile kaye imelowa? Koperative inayotafuta mkopo kwa dhamana ya mavuno itamwonyesha nini mkopeshaji, kama haijui iliuza kilo ngapi katika misimu mitatu iliyopita? Mnunuzi mkubwa akiuliza mtaleta tani ngapi msimu B, komite inabahatisha. Ikiahidi nyingi, inavunja mkataba. Ikiahidi kidogo, mpunga uliobaki unauzwa barabarani kwa bei ya shida, na minerval ya watoto inakosekana.

Juu ya hiyo, wauzaji wa programu wanabisha hodi, na jina wanaloleta ni kubwa: ghala la takwimu. Sisi tuseme depo ya hesabu. Maana yake si ngumu, na mkulima anayejua depo ya mpunga amekwisha kuelewa nusu yake.

DEPO YA HESABU NI KITU GANI

Jina hilo lilienea kupitia kitabu cha Mmarekani Bill Inmon cha mwaka 1992. Yeye alisema depo ya hesabu ina sifa nne. Tuziweke kwa lugha yetu.

Kwanza, imepangwa kwa jambo, si kwa mtu aliyeandika. Wanamemba wana sehemu yao, mavuno sehemu yao, mauzo na mikopo sehemu zao. Pili, imeunganishwa: kilo iliyoandikwa Luvungi na kilo iliyoandikwa Sange ni kilo ileile, na Mama Furaha wa kaye ya mbolea ndiye Mama Furaha wa kaye ya mpunga. Tatu, inashika wakati: msimu A wa mwaka huu haufuti msimu A wa mwaka jana, bali inakaa pembeni yake ili mlinganishe. Nne, kilichoingia hakifutwi. Kosa likionekana, unaandika mstari mwingine wa kusahihisha, na ule wa kwanza unabaki ili kila mtu aone nini kilitokea.

Mmarekani mwingine, Ralph Kimball, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alieleza njia nyepesi ya kuipanga. Kila mstari una namba za tukio, kwa mfano kilo 92 na bei ya kila kilo. Kuizunguka namba hiyo kuna majibu ya maswali madogo: nani? zao gani? lini? kituo gani? Ukipanga hivyo, unaweza kuuliza chochote baadaye: wanawake wa Kiliba walileta kilo ngapi msimu B? Kituo kipi kinapoteza mpunga mwingi kati ya kupokea na kukoboa? Kaye ya kila siku inahudumia mlango wa depo. Depo ya hesabu inajibu maswali ya komite na ya mkutano mkuu.

Msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Vituo vya afya vya hapa kwetu vinajaza fomu zao kila mwezi, na ofisi ya zone de santé inaziingiza katika programu inayoitwa DHIS2, inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norvège. Mizizi yake iko Afrika ya Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kwisha mwaka 1994, pale walipotaka kuunganisha habari za afya zilizokuwa zimetawanyika. Kenya iliiweka kwa nchi nzima mwaka 2011. Programu yenyewe ni ya bure.

Somo lake kwa wakulima ni mawili. La kwanza: vituo vyote vinajaza fomu moja, na neno moja lina maana moja. Bila hiyo hakuna mashine itakayosaidia. La pili: programu ya bure haina maana ya kazi ya bure. Wanaolipwa ni watu wa kuingiza, wa kufundisha na wa kutengeneza, na mtandao unalipwa pia.

PIMENI UKUBWA WENU KWANZA

Muuzaji atasema: "Mnahitaji mashine kubwa, mambo yenu yatakuwa mengi." Msikatae, msikubali. Pigeni hesabu.

Tuchukue mfano wa koperative ya wanamemba 300. Kila mmoja analeta mazao mara nne kwa msimu, na misimu ni miwili. Hiyo ni mara nane kwa mwaka. Mara nane kwa watu 300 ni mistari 2,400 kwa mwaka. Ukurasa mmoja wa Excel unabeba mistari 1,048,576. Kwa mwendo huo mtaujaza baada ya miaka zaidi ya 400. Kwa hiyo koperative moja haina shida ya ukubwa. Ina shida ya utaratibu.

Sasa chukueni muungano wa koperative 20 za namna hiyo. Ni mistari 48,000 kwa mwaka, na Excel bado ina nafasi ya miaka zaidi ya 20. Lakini hapa shida nyingine inaingia: watu 20 wanaandika siku moja, kila mmoja na faili yake. Mmoja ameandika "mpunga", mwingine "riz", mwingine "paddy". Faili inatumwa kwa WhatsApp, inarudi na majina matatu tofauti, na hakuna anayejua ipi ni ya mwisho. Hapo ndipo muungano unahitaji depo ya hesabu ya kweli, yenye mlango mmoja na funguo tofauti kwa kila mtu. Sababu si wingi wa mistari, ni wingi wa mikono.

KAZI TANO KABLA YA KUMWITA MUUZAJI

Kazi hizi hakuna muuzaji atakayewafanyia vizuri, kwa sababu hajui depo yenu.

1. Andikeni maswali kumi. Si maswali ya mfadhili, ni yenu. Nani anatudai? Nani tunamdai mbolea? Ni kilo ngapi zilipotea? Tutavuna ngapi? Maswali hayo ndiyo yataonyesha nini kiandikwe. Jambo lisilojibu swali lolote, msiliandike.

2. Kubalianeni juu ya kipimo. Gunia si kipimo, kwa sababu gunia lililojazwa mpaka kilemba na gunia la kawaida si sawa. Kopo, bakuli na debe vivyo hivyo. Kila kitu kiende kwenye mzani na kiandikwe kwa kilo. Tena mpunga mbichi ni mzito kuliko mkavu, na mpunga wa kuweka depo unapaswa kushuka mpaka unyevu wa karibu asilimia 14. Kama hamwandiki hali ya mpunga siku ya kupokea, kilo zitakazopungua kwa jua zitaonekana kama wizi, na mwenye depo atatuhumiwa bure.

3. Andikeni aina ya makuta. Huku kwetu mtu mmoja anaweza kulipwa kwa franga za Congo, kudai kwa dola na kununua mbegu kwa franga za Burundi. Namba bila jina la pesa ni ugomvi wa kesho. Wekeni sehemu tatu: kiasi, aina ya pesa, na kiwango cha kubadilisha cha siku ile.

4. Mpeni kila mwanamemba namba yake. Bahati, Mapendo na Furaha ni wengi katika kila kijiji, na jina moja linaandikwa namna tatu. Namba isiyobadilika inamaliza vita hivyo. Tena namba iwe ya mtu, si ya nyumba. Mama mwenye shamba lake na jasho lake aandikwe kwa namba yake mwenyewe. Kama mavuno yake yanaandikwa chini ya jina la mume, siku ya mkopo au siku ya kufiwa atakuta hana historia yoyote katika koperative.

5. Safisheni rejista. Nchi yetu iko katika OHADA tangu Septemba 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inadai koperative iwe na rejista ya wanamemba kwenye makao yake. Iwe koperative ndogo inayoanza na watu 5, au ile yenye baraza la uongozi inayoanza na watu 15, rejista ni lazima. Waliokufa, waliohama na walioandikwa mara mbili waonyeshwe. Ukiingiza uchafu kwenye mashine mpya, utapata uchafu unaotembea haraka.

NJIA NNE ZILIZO MBELE YENU

Ya kwanza ni kaye nzuri pamoja na ukurasa wa kompyuta. Kaye ina kurasa zenye namba, risiti ina nakala mbili, na kila juma sekretere anaingiza kwenye Excel au LibreOffice, ambayo ni ya bure. Kwa koperative moja, njia hii inatosha kabisa ikifuatwa bila kuruka. Msione haya. Koperative nyingi zinazofikiri zinakosa programu, kwa kweli zinakosa desturi ya kuandika kila siku.

Ya pili ni fomu za simu, kama KoboToolbox au ODK. Zinafanya kazi kwenye simu ya Android bila mtandao: unajaza shambani, na simu inatuma ukifika penye mtandao. Mashirika mengi ya msaada yanazitumia, kwa hiyo vijana wanaozijua wanapatikana. Ni nzuri kwa kuandikisha wanamemba na kupima mashamba. Lakini ni kapu la kuvunia, si depo. Hazitawaambia deni la Mzee fulani limebaki kiasi gani baada ya kulipa mara tatu.

Ya tatu ni depo ya muungano yenye programu za bure, kwa mfano PostgreSQL ya kuhifadhi, au DHIS2 yenyewe kwa kukusanya ripoti za vituo vyote. Hamlipi leseni, na hakuna kampuni itakayowafungia mlango. Lakini inataka fundi wa kweli, na inataka apatikane mwaka mzima. Kama fundi ni mmoja tu na yuko Kinshasa, mmejenga depo na ufunguo uko mbali.

Ya nne ni kukodi. Kuna huduma za kampuni kubwa za dunia, kama BigQuery ya Google, Redshift ya Amazon na Snowflake, ambazo zinatunza hesabu kwenye mashine zao na kulipisha kwa nafasi na kwa kazi mnayoitaka mashine ifanye. Zimetengenezwa kwa mabenki na maduka yenye mistari mamilioni kwa siku. Na kuna kampuni ndogo zinazouza programu za koperative, zinazolipisha kwa mwezi au kwa idadi ya wanamemba. Hizi za pili ndizo zitawafikia zaidi. Nyingine ni nzuri sana: zinapima, zinatoa risiti kwa ujumbe wa simu, zinaunganisha na M-Pesa au Airtel Money. Lakini hapo ndipo mkataba unahitaji macho manne.

Neno moja juu ya ramani za mashamba. Muuzaji anaweza kuwatisha na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya misitu, inayotaka kujulikana shamba liko wapi. Kati ya mazao inayoyataja kuna kahawa, kakao na mawese. Mpunga, mahindi na mihogo havimo. Kama mnauza kahawa inayoishia Ulaya, vipimo vya ramani vinawahusu. Kama mnauza mchele sokoni Uvira na Bukavu, msilipe kwa ajili ya hofu isiyowahusu.

UMEME, MTANDAO NA MAJI

Programu inayoonekana vizuri hoteli huko mjini haijapimwa. Kipimo chake ni Runingu saa nane mchana, SNEL imekata, na mtandao unakuja ukipanda kwenye mlima tu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa programu yoyote ni hili: bila mtandao, mwenye depo anaweza kupokea mpunga na kutoa risiti? Kama jibu ni hapana, mazungumzo yameisha. Mkulima aliyebeba gunia kilometa tano hawezi kuambiwa arudi kesho juu ya mtandao.

Na tusisahau maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukachukua watu na manyumba. Mwaka 2024 ziwa likapanda, maji yakaingia kwenye makazi na kwenye bandari ya Kalundu. Karatasi na kompyuta zilizokuwa chini havina wa kuvirudisha. Tena kuna siku ambazo watu wanakimbia vita na kubeba watoto tu.

Mafundi wa dunia nzima wana kanuni moja rahisi: kopi tatu, kwenye vitu vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwetu inaweza kuwa hivi: kopi ya kwanza kwenye kompyuta ya ofisi, ya pili kwenye flashi au diski inayokaa kwa mwanamemba aliyechaguliwa mahali pa juu, ya tatu kwenye mtandao au kwa muungano, mji mwingine. Kopi mbili zilizo kando ya mto mmoja ni kopi moja. Na kila miezi mitatu mfungue kopi moja muone kama inasoma. Kopi ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

MAJINA YA WATU SI MCHEZO

Depo ya hesabu inaonyesha nani ana mavuno mengi, nani amelipwa jana, shamba lake liko wapi na simu yake ni ipi. Mikononi mwa komite, ni chombo cha maendeleo. Mikononi mwa mwenye silaha au jambazi wa barabarani, ni orodha ya kuwinda. Sisi wa huku tunajua orodha inaweza kufanya nini.

Basi, kanuni ziwe kali. Msiandike kabila la mtu: hakuna kilo ya mpunga inayohitaji kabila. Msiandike dini wala chama. Kama mkopeshaji anataka namba ya kadi ya uchaguzi, iwekwe sehemu ya pekee ambayo mwenye depo haioni. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri, na mtu akitoka kwenye komite neno lake lifungwe siku hiyohiyo. Simu ya kazi iwe na kufuli. Ufunguo mkuu wa programu ushikwe na watu wawili, asiwepo mmoja anayeweza kubadilisha hesabu peke yake.

Sheria nayo iko. Kodi ya namba ya nchi yetu, ile Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Mwanamemba ana haki ya kujua nini kimeandikwa juu yake na kwa kazi gani. Muuzaji akisema anaweza kutumia majina yenu "kuboresha huduma" au kuyapa kampuni nyingine, mstari huo ufutwe kwenye mkataba kabla ya kusaini.

BEI YA KUINGIA NA BEI YA KUISHI

Devi ya muuzaji inaonyesha bei ya kuingia. Nyinyi tafuteni bei ya kuishi kwa miaka mitatu: leseni, mtandao, sola na betri, simu zitakazoanguka, mafunzo ya mara ya pili sekretere akibadilika, na safari ya fundi.

Mfano tu: muuzaji anataka dola 1 kwa kila mwanamemba kila mwezi. Inasikika kidogo. Kwa watu 300 na miezi 12 ni dola 3,600 kwa mwaka. Kama koperative inabaki na senti 2 za dola kwa kila kilo inayouza, inahitaji kuuza kilo 180,000, yaani tani 180, kwa kulipa programu peke yake, kabla ya mlinzi, kabla ya magunia, kabla ya chochote. Sasa ulizeni: tunauza tani ngapi? Na programu itatuokolea nini? Kama kila mwaka mnapoteza tani kadhaa kwa kuandika vibaya, labda inalipa. Kama hapana, rudini kwenye njia ya kwanza.

Jambo la mashirika nalo lisemwe wazi. Mradi ukilipia programu miaka mitatu, mwaka wa nne utafika. Mkikubali zawadi hiyo, andikeni tangu mwanzo nani atalipa mwaka wa nne na kwa makuta gani. Kama hakuna jibu, ombeni programu ndogo mtakayoweza kulisha wenyewe. Ng'ombe wa zawadi naye anakula majani kila siku.

MASWALI KUMI KWA MUUZAJI

Yasomwe kwa sauti mbele ya komite, na majibu yaandikwe:

1. Inafanya kazi siku ngapi bila mtandao?
2. Habari ni za nani? Mkataba unasema ni za koperative, kwa maneno wazi?
3. Tunaweza kutoa habari zetu zote leo, bila kuomba ruhusa, kwa faili inayofunguka kwenye Excel?
4. Tukichelewa kulipa mwezi mmoja, mnatufungia kuandika, au mnatufungia hata kusoma?
5. Tukiachana, mnatupa miezi mingapi ya kuhamisha, na kwa bei gani?
6. Fundi wenu wa karibu yuko wapi, na anajibu kwa Kiswahili?
7. Skrini ina Kiswahili au Kifaransa, na sekretere wetu anaisoma?
8. Bei inaweza kupanda lini na kwa kiasi gani?
9. Mistari iliyosahihishwa inaonekana, pamoja na jina la aliyesahihisha?
10. Ni koperative gani nyingine inayotumia, na tunaweza kwenda kuzungumza nao bila nyinyi kuwepo?

Swali la tatu ni la uzito kuliko yote. Msikubali jibu la mdomo. Mwambie atoe faili palepale, mbele yenu. Anayesema "hilo tutalipanga baadaye" anawaambia kwamba ufunguo wa depo yenu utakaa mfukoni mwake.

Kwa kulinganisha wauzaji wawili au watatu, toeni alama juu ya 100. Pendekezo letu: kufanya kazi bila mtandao 25, kutoa habari zetu 25, bei ya miaka mitatu 20, msaada wa karibu na lugha 15, usalama 15. Kila mmoja wa komite aandike alama zake peke yake kwanza, ndipo mlinganishe. Hivyo neno la prezida halitamezea la wengine. Rangi nzuri na michoro inayozunguka haina alama.

JARIBIO LA MSIMU MMOJA

Msinunue kwa koperative yote siku ya kwanza. Chagueni vituo viwili, kimoja chenye mtandao mzuri na kimoja chenye mtandao mbaya, na msimu mmoja. Wakati wote wa jaribio kaye iendelee kuandikwa kama kawaida. Kila Jumamosi, mtu asiyehusika na depo achukue risiti ishirini bila kuchagua na kuzilinganisha na kaye na programu. Zikikubaliana, mnaendelea. Zikipishana, tafuteni sababu kabla ya kulaumu mtu: labda ni mzani, labda ni kilo za unyevu, labda mkono ulichoka saa kumi na mbili.

Aingize yule atakayefanya kazi kweli, si kijana wa muuzaji. Kama sekretere wa miaka hamsini anaweza baada ya siku tatu za mafunzo, programu ni nzuri. Kama anaweza mtu mmoja tu mwenye diploma, mtakuwa watumwa wa mtu huyo.

Mwisho wa msimu rudini kwenye yale maswali kumi mliyoandika wenyewe kwenye kazi ya kwanza. Programu inajibu mangapi? Nane au zaidi, jadilini mkataba. Chini ya matano, mshukuru muuzaji na kumsindikiza.

KWENYE MKUTANO MKUU

Komite inaweza kuchunguza, lakini uamuzi huu unagusa jina na makuta ya kila mwanamemba. Uende kwenye mkutano mkuu na mambo matatu yaandikwe kwenye ripoti: kwamba habari ni mali ya koperative; nani wawili wanashika ufunguo mkuu, na kopi tatu zinakaa wapi; na makuta ya mwaka unaofuata yatatoka wapi.

Nawe mwanamemba, hata kama hujawahi kugusa kompyuta, una kazi yako. Usiondoke depo bila risiti. Isome, au umpe mtoto akusomee, palepale kwenye mzani: jina, namba, kilo, bei, aina ya pesa. Kosa linalosahihishwa mbele ya mzani linachukua dakika moja. Likiingia depo ya hesabu bila kuonekana, litakaa humo msimu mpaka msimu, na litakuwa neno lako dhidi ya mashine.